Hilux isiyokata asubuhi na isiyoshika mchana

Gari lilikuja gereji kwangu Makorora, mjini Tanga, likiwa na malalamiko mawili yanayogombana. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gia hazikubali kuingia. Ya kwanza inaingia kwa kulazimishwa, rivasi inasaga mpaka jirani anageuza shingo, na dereva hukanyaga pedeli mara tatu au nne ndipo mambo yakae sawa. Mchana, gari likiwa na mzigo na linapanda mlima, gia zinaingia laini kabisa, lakini klachi inateleza. Injini inanguruma, gari linatambaa.

Kwa lugha ya gereji, asubuhi klachi haikati, mchana klachi haishiki. Kila ugonjwa una dawa yake, na dawa hizo hazifanani hata kidogo. Isipokata, pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, haiachwi huru ikatengana na flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Isiposhika, pleti haibanwi vya kutosha. Gari moja likiwa na yote mawili ndani ya siku moja, fundi hana budi kuvuta kigoda akae kwanza. Mafundi wawili waliotangulia hawakukaa. Walisema pleti imekwisha, shusha giaboksi.

Mwenye gari ni mzee wa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa. Msimu wa machungwa ukipita hupanda milima ya Amani kuchukua iliki, mdalasini na pilipili manga. Gari lake ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1994, ya milango minne, injini ya dizeli ya 3L, cc 2779. Klachi yake haina kebo, inasukumwa na mafuta ya breki: kuna masta ya juu, pampu ndogo inayosukumwa na pedeli, pale ukutani mbele ya dereva, bomba jembamba la chuma, kipande cha mpira, kisha masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, inayosukuma foku ya klachi, mkono unaoiachia pleti, kwa rodi fupi. Anayeliendesha ni mpwa wake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba fundi. Nimekuja unifungie hivi.” Akafungua mlango wa nyuma. Kulikuwa na boksi jipya: pleti, presha pleti inayoibana, na bearingi yake. Alikwisha nunua seti nzima.

“Mzee, kabla sijagusa giaboksi, naomba saa moja niikanyage.”

“Ikanyage utakavyo, ila machungwa hayangoji.”

Nilianza na vitu visivyohitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, gia zote tano na rivasi ziliingia bila kelele, kwa hiyo wenzo wa gia na ndani ya giaboksi sikuwa na shaka navyo. Nikawasha. Nikakanyaga klachi mara moja, nikahesabu mpaka kumi ili mizunguko ya ndani itulie, nikajaribu rivasi. Ikasaga. Nikapampu mara nne, nikajaribu tena. Ikaingia kimya.

Jibu hilo lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kama foku imepinda, au pleti imeganda kwenye shafti, au bearingi ndogo ya kati kwenye flaiwili imekwama, kupampu hakusaidii kitu, maana mguu unasukuma umbali ule ule kila mara. Kupampu kukisaidia, tatizo liko kwenye mafuta: ama kuna upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani yake, ama masta inavujisha kwa ndani. Nikakanyaga pedeli nikaishikilia nusu dakika, gari likiwa gia ya kwanza na breki ya mkono juu. Pedeli haikuzama, na gari halikuanza kusukuma. Masta ya juu haikuwa inavujisha kwa ndani. Ukabaki upepo.

Sawa, upepo unaeleza asubuhi. Mchana je? Upepo hauwezi kufanya klachi iteleze. Hapo ndipo mafundi wengi husema kuna magonjwa mawili, upepo na pleti iliyokwisha, na si maneno ya kijinga, gari la miaka mingi linaweza kabisa kuwa na yote mawili. Nilizunguka nalo hadi njia ya Raskazone na kurudi, gia ya tatu, nikikanyaga mafuta kwa nguvu kutoka mwendo mdogo. Halikuteleza hata mara moja. Lakini halikuwa na mzigo, na injini ilikuwa haijapata moto wa kutosha, na pleti iliyochoka huteleza zaidi ikipata joto. Kwa hiyo sikuweza kuiachia huru pleti kwa ushahidi huo peke yake.

Uzuri wa Hilux ya zamani ni kwamba rodi ya masta ya chini inaonekana. Magari mengine wamekificha kila kitu ndani, unabaki kukisia. Hapa unalala chini, unaona rodi, unaona foku, unaona vinavyosogea. Nilichukua rula ndogo ya chuma na chaki. Nikaweka alama kwenye foku mahali ilipotulia, nikamwambia kijana wangu akae kwenye usukani.

“Kanyaga. Shika.”

Rodi ikatoka milimita 8.

“Achia.”

Ikarudi kwenye alama.

“Sasa pampu mara nne haraka haraka, ya nne ushike.”

Ikatoka milimita 12. “Achia.” Rodi ikarudi, lakini haikufika kwenye alama. Ilisimama milimita 3 kabla, ikatulia pale kama mtu aliyesahaulika mlangoni. Nikangoja. Mguu wa kijana haukuwa kwenye pedeli, nilimwambia autoe nje kabisa nikaona kandambili yake inaning’inia. Milimita 3 bado. Nikangoja dakika kumi nikiwa nimelala kwenye kipande cha boksi, jasho likiingia machoni, nikapima tena. Mbili na nusu.

Pedeli iko juu, mguu haupo, lakini klachi kule chini bado imekanyagwa kidogo. Kitu fulani kinaruhusu mafuta kwenda chini na kinayazuia kurudi juu, au kinayarudisha kwa kuyachuja tone kwa tone. Usiku kucha yanapata muda wa kurudi, ndiyo maana asubuhi pedeli iko chini na gia zinasaga. Mchana dereva anapampu kila anapobadili gia kwa sababu amezoea, kila mpampu unaongeza kidogo, joto la injini na la bomba la moshi linayatanua mafuta hayo yaliyofungiwa, na foku inazidi kusukumwa. Mzigo ukija, presha pleti haina nguvu yake yote. Klachi inateleza huku pleti ikiwa nzima.

Hiyo ilikuwa nadharia yangu, na nadharia ya chini ya gari haimtoshi mtu aliyekwisha nunua seti nzima. Nilitaka kuona kwa macho kama pleti inashika mlimani presha ikiondolewa. Kwa hiyo sikurekebisha chochote. Tulipakia viroba vya mchanga, tukaenda Muheza, tukapanda njia ya Amani. Mzee alikaa mbele, mpwa anaendesha, mimi na kijana wangu nyuma, ufunguo wa nipeli mfukoni mwangu. Nipeli ni ile skrubu yenye tundu iliyo kwenye masta ya chini, ya kutolea upepo. Pamoja nayo nilibeba kipande cha mpira wa dripu na chupa ya maji iliyokatwa.

Baada ya Sigi barabara inaanza kupanda kwa kona juu ya kona. Kona ya nne au ya tano mpwa akashusha gia ya pili, akapampu kwa mazoea yake, na injini ikaanza kulia bila gari kwenda. Harufu ya klachi ikaingia ndani.

“Simama hapo hapo. Zima, gia ya kwanza, breki ya mkono. Usiguse tena klachi.”

Kijana akaweka mawe nyuma ya matairi mawili. Nikaingia chini, nikavalisha nipeli mpira wa dripu, nikalegeza robo mzunguko. Hakuna aliyekuwa amekanyaga kitu. Mafuta yakaruka ndani ya mpira yakiwa na nguvu, meusi, yakafuatiwa na povu kidogo, na rodi ikaruka nyuma ghafla mpaka foku ikagonga mahali pake. Yaliyotoka hayakujaza hata nusu ya kijiko cha chai. Nikafunga nipeli.

Mpwa akakanyaga mara moja tu, akawasha, akaachia. Gari likaondoka mlimani na mchanga wake wote, likapanda gia ya pili bila kuteleza mpaka tulipopata mahali pa kugeuzia. Kubadili gia kulikuwa shida, ilisaga kama asubuhi, kwa sababu upepo ulikuwa bado umo. Lakini ilishika. Mzee alikuwa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali la haki kabisa: “Sasa hili boksi langu?”

Kuhusu hiyo nusu ya kijiko. Masta ya juu ya gari kama hili ina tundu la milimita 16 hivi. Pistoni ikisukumwa sentimita 3, mafuta yanayotoka ni mililita 6, kijiko cha chai na ziada kidogo. Klachi yote, na mzigo wote ule wa machungwa, vinategemea kijiko kimoja cha mafuta kinachokwenda na kurudi. Ukiwa na tone la upepo la mililita moja humo ndani, unakanyaga kwanza kulibonyeza hilo tone, na karibu sehemu moja katika sita ya mwendo wako imepotea kabla foku haijasikia chochote. Na mililita moja ikibaki chini bila kurudi, foku haijaachiwa. Breki zina nafasi ya kusamehe makosa madogo, klachi haina.

Nini kinazuia mafuta kurudi? Kuna watuhumiwa wawili, na mimi nilimtuhumu asiye na hatia. Nilidhani ni ule mpira mfupi wa chini. Mpira wa zamani hufura kwa ndani, nyama yake ikalegea na kufanya kama mlango wa upande mmoja: mguu una nguvu ya kuyapitisha mafuta, springi ya kurudisha haina. Nimeliona hilo kwenye breki mara nyingi. Mpira wa gari hili ulikuwa na nyufa nje, unafanana kabisa na mhalifu, na nilikwisha mwambia kijana aende kuutafuta.

Kabla hajarudi nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Nilipampu mpaka rodi ikabaki nje tena milimita 3, nikaweka kitambaa chini ya masta ya juu, nikalegeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye masta, kwa ufunguo wa namba 10. Mtu akiwa chini anaangalia rodi. Kama mpira ndio umeziba, kufungua juu hakutabadilisha kitu, kwa sababu presha imefungiwa chini yake. Kama masta ndiyo inayozuia, presha itatokea hapo hapo. Mafuta yakachuruzika kwenye kitambaa, na mpwa wa mzee, aliyejitolea kulala chini, akasema, “Imerudi yote.” Mpira ukaachiwa huru. Tatizo lilikuwa ndani ya masta ya juu, au kwenye kitu kinachoisukuma.

Ndipo nikamgeukia mpwa. Mwanzo nilipomuuliza kama klachi imewahi kufunguliwa alisema hapana. Sasa nikauliza tofauti: “Mguu wako uliwahi kulowa mafuta hapo chini ya pedeli?”

“Aa, hiyo? Ndiyo. Masta ya juu ilikuwa inavuja, ikabadilishwa. Lakini hiyo si klachi, ni masta tu.”

Kwake yeye klachi ni pleti, mengine ni vifaa vya pembeni. Simlaumu, hata mafundi huzungumza hivyo. Nikaendelea kuuliza, habari ikatoka kidogo kidogo. Masta mpya ilifungwa, upepo ukatolewa kwa kukanyaga, pedeli ikabaki inazama. Fundi akatoa tena na tena. Mwisho akaingia chini ya dashibodi akazungusha rodi ya pedeli, “akaongeza klachi,” pedeli ikawa inashika juu. Wakaondoka wamefurahi. Kuteleza kulianza siku chache baadaye, ikaonekana ni jambo jipya lisilohusiana.

Rodi ya pedeli ndiyo inayosukuma pistoni ya masta ya juu. Ndani ya masta kuna njia ndogo inayounganisha mafuta ya kazini na tanki lililo juu yake, na njia hiyo hufunguka pale tu pistoni inaporudi nyuma mpaka mwisho. Ni njia ya kupumulia: mafuta yakitanuka kwa joto yanapanda tankini, yakipungua yanashuka. Ukiirefusha rodi, pistoni hairudi mwisho, njia inabaki imezibwa au ina ufa tu. Kwa hiyo lazima kuwe na nafasi kidogo kati ya rodi na pistoni pedeli ikiwa juu. Kwenye vitabu vya Toyota vya magari haya nafasi hiyo, ikipimwa juu ya pedeli, ni milimita 1 hadi 5. Unaisikia kwa kidole: pedeli inacheza kiurahisi kabisa mwanzoni, kisha inagusa kitu. Hii ya mzee haikucheza hata unywele. Nilikuwa nimeikanyaga kwa mguu siku nzima, na mguu wenye kiatu hausikii milimita 2. Kidole kingenieleza dakika ya kwanza.

Dereva anayepumzisha mguu wake juu ya pedeli anafanya kitu kile kile bila spana. Nilimtazama mpwa tulipokuwa njiani kurudi Tanga. Kandambili ilikuwa juu ya klachi toka Muheza mpaka Pongwe.

Marekebisho yenyewe yalikuwa hivi. Nililala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, nikalegeza nati ya kufungia, nikaanza kuizungusha rodi kuifupisha. Kijana alikuwa amesimama mbele, kifuniko cha tanki kiko wazi, kurunzi mkononi. Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Mzunguko na nusu, hakuna. Karibu na wa pili akapiga kelele, “Kinachemka!” Kiputo kimoja kilipanda tankini, kikafuata kingine, kisha mafuta yenyewe yakainuka kidogo kwenye ukuta wa tanki. Yalikuwa yanarudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Niliongeza nusu mzunguko, kidole kikasikia nafasi, nikafunga nati.

Na pedeli ikazama, kama ilivyotakiwa. Fundi aliyefunga masta hakuwa amepungukiwa na pedeli, alikuwa na upepo, akaufunika. Sasa upepo ulibaki peke yake, uchi.

Kabla ya kuutoa niliangalia mambo mawili. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa chungu ya jioni, na mzee alikuwa na wasiwasi kwamba kuna siku kijana mmoja aliongezea kitu ambacho hakukiona. Mafuta ya injini au ya usukani yakiingia humu yanaharibu raba zote, zinafura na kulegea, na hapo hakuna la kurekebisha ila kubadili kila chenye raba. Kujua ni rahisi: dondosha kidogo kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotea ndani ya maji, ya injini yanaelea juu. Yalipotea. Weusi ulikuwa wa uzee na wa raba zilizokuwa zinalika.

La pili, masta ya chini. Nilifunua mpira wake wa vumbi nikakuta unyevu, si wa kudondoka, wa kulowesha kidole. Nikaitoa, boliti mbili tu. Pistoni ilitoka na ukutani kukawa na vishimo vya kutu, mahali ambapo raba hupita. Hii ndiyo Tanga. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na huku pwani unyevu haukosekani mwezi wowote. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji ya kutosha yanashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye breki namba hizo ni suala la kuokoka mteremko wa Amani. Kwenye klachi kuchemka si kawaida, kinachoumiza ni kutu. Ningeweza kubadili raba tu nikairudisha, na ingekaa miezi michache. Ukuta ukishakuwa na vishimo, raba mpya ni chakula chake. Tuliweka masta ya chini mpya. Mpira mfupi nao tukaubadili, si kwa kosa lolote ila kwa zile nyufa, na kwa sababu kijana alikwisha ununua.

Sasa upepo. Tulianza kwa njia ya wote: mmoja juu, mmoja chini. Kanyaga, shika, fungua, funga, achia. Tuliangalia tanki kila mikanyago mitano lisikauke, maana likikauka umeanza upya. Vilitoka viputo vingi, vikapungua, vikaisha. Mafuta safi, hakuna hata kiputo. Nikapima rodi: milimita 9.

Hapa ndipo watu huapa kwamba upepo umekwisha, na ndipo fundi yule wa masta alipokwama. Hesabu inaeleza kwa nini. Mkanyago mmoja unasukuma mililita 6. Bomba kutoka juu hadi chini lina urefu wa mita moja na nusu hivi na tundu la milimita 3 na kidogo, linabeba kama mililita 12 bila kuhesabu mpira. Kiputo kilichokaa karibu na masta ya juu hakifiki chini kwa mkanyago mmoja. Kinashuka nusu ya njia, unafunga nipeli, unaachia pedeli, unajipanga, na katika huo muda kiputo kinapanda taratibu kurudi kwao juu. Upepo una tabia ya kupanda. Unaweza kuufukuza chini siku nzima. Masta mpya ikifungwa ikiwa kavu, bila kujazwa mafuta mezani kwanza, upepo wake hujikunja pale kwenye kona ya juu ya bomba na kukaa.

Kwa hiyo tuliusukuma kuelekea kule unakotaka kwenda. Duka la dawa wanauza bomba la sindano la mililita 60, bila sindano yenyewe. Nilivuta mafuta ya zamani kutoka tankini nikaacha chini kabisa, maana yanayokuja yanatoka chini na yakifurika yanakula rangi ya gari. Nikajaza bomba mafuta mapya kutoka chupa iliyofunguliwa pale pale. Chupa iliyokaa rafuni kifuniko nusu nusu siitumii, imekwisha kunywa hewa ya bahari. Nikalisimamisha bomba, nikatoa upepo wake wote mpaka tone likatokea mwisho wa mpira wa dripu, nikauvalisha kwenye nipeli, nikafungua, nikasukuma polepole. Ukisukuma kwa pupa unatengeneza povu.

Mililita kumi, kijana juu hasemi kitu. Ishirini. Halafu akasema, “Subiri, subiri,” na mimi nikaacha kusukuma nikidhani kumeharibika kitu. Kilikuwa kiputo kikubwa kama punje ya mahindi, kimesimama mdomoni mwa njia ndogo, kikajivuta, kikapasuka juu. Baada yake vikaja vidogo vidogo kama vya soda, kisha mafuta matupu. Nilisukuma jumla ya mililita 40, nikafunga. Tukamalizia kwa mikanyago mitatu ya kawaida ili kusafisha karibu na nipeli, hakikutoka kitu.

Rodi: milimita 14 kwa mkanyago mmoja. Kwa mikanyago minne haraka haraka: 14. Baada ya kuachia: kwenye alama ya chaki, kila mara. Mafuta yaliyomwagika tuliyaosha kwa maji mengi, ndiyo sabuni yake.

Mzee alipokanyaga alikunja uso. “Fundi, mbona inashikia chini kidogo kuliko ilivyokuwa?” Ndiyo, ilikuwa inashikia chini kidogo. Ile ya juu aliyoizoea ilikuwa ya uongo. Nilimwonyesha kwa kidole ile nafasi ya mwanzo, nikamwomba asimruhusu mtu yeyote kuiondoa kwa jina la kuongeza klachi. Akaingiza rivasi injini ikiwa baridi, kimya, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa jirani, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku mbili zile. Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Yeye alilala kwa ndugu zake Ngamiani usiku mmoja.

Seti ya klachi duka lilikataa kuirudisha, boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Wiki tatu baadaye walikuja kubadili viatu vya breki vya nyuma, gari likiwa limebeba iliki, harufu imejaa gereji nzima. Nilimuuliza mpwa habari ya klachi, akasema hakuna anachokikumbuka. Nikachungulia ndani. Boksi la pleti, lile jembamba, lilikuwa limewekwa sakafuni upande wa kushoto wa pedeli, na mguu wake wa kushoto umetulia juu yake.

“Mjomba kasema nisiweke mguu juu ya klachi,” akaniambia. “Sasa ningeuweka wapi?”

Nikamwambia alitoe hapo kabla halijateleza likaingia chini ya breki.